JOTO LA KASKAZI NA MFUKO WA MFANYAKAZI



Kaskazi ikishaingia, pwani yetu hupata miezi yake mizito. Tangu Disemba mpaka Machi, na pengine mpaka masika yaanguke mwezi wa Aprili, mchana hufika nyuzi 32 au 33 kivulini, na hewa hujaa maji hata jasho likakataa kukauka mwilini. Ndugu zetu wa Nairobi watacheka wakisoma haya, maana miezi yao migumu ni Juni na Julai, na shida yao ni makaa. Lakini mwanachama wa Changamwe, wa Likoni, wa Majengo au wa Kisauni anajua tusemalo, na wa Garissa anajua zaidi.

Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za mishahara, saa za ziada na watu kuachishwa kazi bila ya haki. Safari hii twataka kuandika habari za paa. Maoni yetu ni haya: joto la nyumbani ni jambo la mshahara kama yalivyo mengine, kwa sababu mtu alipaye gharama ya kulipunguza ni mpangaji, naye hulipa kila jioni kwa kununua tokeni, bali yule awezaye kuliondoa joto lenyewe ni mwenye nyumba, au tajiri wa kazi aliyetoa nyumba, naye halipi kitu. Maadamu mambo yako hivyo, bati litabaki bati na feni itazunguka mpaka asubuhi.

Tazameni kwanza hesabu ya stima, kwani wengi wetu twanunua tokeni bila ya kujua jinsi bei inavyopangwa. Katika bei zilizotangazwa Aprili 2023 matumizi ya nyumbani yaligawanywa madaraja matatu. Nyumba isiyopita uniti 30 kwa mwezi iliwekewa bei ya msingi ya shilingi 12.22 kwa uniti moja. Ikipita 30 lakini isipite 100, shilingi 16.30. Ikipita 100, shilingi 20.97. Juu ya hapo huja gharama ya mafuta, kodi ya asilimia 16 na makato mengine. Wala si kwamba uniti zile za kwanza 30 hubaki na bei yake ya chini. Ukipanda daraja, uniti zako zote zapanda nawe. Daraja lenyewe hutazamwa kwa wastani wa miezi 3, kwa hiyo joto la Januari na Februari laweza kukufuata hata baada ya mvua kunyesha.

Haya, mchukueni mfanyakazi mwenye chumba kimoja na mita yake mwenyewe. Ana balbu tatu ndogo, televisheni, redio, simu mbili za kuchaji, na pasi mara mbili kwa wiki. Katika mwezi wa baridi atatumia uniti 18 hivi, nazo kwa bei ya msingi ni shilingi 220. Sasa kaskazi imeingia, amewasha feni ya wati 60 kwa muda wa saa 14 kwa siku. Hiyo feni peke yake hula uniti 25 kwa mwezi, na jumla yafika 43. Akishapandishwa daraja, atalipa shilingi 701 kabla ya kodi na makato. Uniti zimezidi mara mbili na kitu. Fedha zimezidi mara tatu na kitu. Hakununua anasa yoyote. Amenunua upepo tu.

Huyo bado ana afadhali, maana ana mita yake. Wanachama wetu wengi wanakaa katika zile nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati na milango mitatu kila upande, na mita ni moja ya nyumba nzima. Fanyeni hesabu: vyumba sita mara uniti 18 ni uniti 108. Basi hata katika mwezi wa baridi, hata kabla ya feni ya kwanza kuwashwa, nyumba hiyo imekwisha kuingia katika daraja la juu kabisa. Kila mpangaji peke yake angalihesabiwa kuwa mtu mwenye matumizi madogo, akalipa shilingi 12.22, lakini kwa kuwa wamefungwa katika mita moja, wote sita kwa bei hizo za 2023 walilipa shilingi 20.97 sawasawa na mtu mwenye jumba la Nyali na mashine ya baridi katika kila chumba. Tena wako wenye nyumba ambao hawahesabu uniti kamwe, bali hutoza kiasi fulani kwa kila balbu, na kiasi kingine juu yake kwa kila feni, na mtu akileta friji hutakiwa ahame. Twaona kwamba hili la mita moja lina uzito kuliko mashauri yote ya kuzima taa ambayo tumekuwa tukipewa. Mita ndogo za vyumbani hazilitibu, kwa sababu mita kubwa ya nje ndiyo ihesabiwayo. Dawa ni kila chumba kuwa na mita yake yenye akaunti yake, na wapangaji wa nyumba moja wakiomba kwa pamoja ni vigumu kuwapuuza kuliko akienda mmoja mmoja.

Tukishasema hayo ya bei, turudi kwenye paa.

Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa mwezi wa Machi jua la saa sita na nusu mchana laja kupita juu ya utosi hasa, na ukuta haupati jua kama upatavyo paa. Bati jipya lenye kung'aa hurudisha sehemu ya jua, lakini likishaingia kutu na vumbi hugeuka kikaango. Huvuta joto, kisha hulimwaga chini juu ya vichwa vya watu, na kama hakuna dari katikati, mtu alalaye chini yake hupata moto ule moja kwa moja, kama mkate katika tanuri. Kuwasha feni hapo ni kuusukuma moto huo kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Feni haipozi chumba, na yafaa kila mtu alijue jambo hili. Feni hupoza ngozi ya mtu kwa kukausha jasho lake. Chumba chenyewe hakipungui joto hata nukta moja, tena mota ya feni huongeza lake kidogo. Kwa hiyo feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu ni fedha zitupwazo.

Bati lina tabia moja njema, nayo ni kupoa upesi. Jua likishatua, kwa saa moja au mbili tu nyumba ya bati huanza kuvumilika. Zege ni kinyume chake. Yule aliyepanga chumba cha juu kabisa katika gorofa, chini ya zege tupu, mchana atasema hapana neno, lakini usiku ndipo zege hilo litakapotema joto lililolikusanya tangu asubuhi, nalo litatema mpaka saa saba za usiku. Kwa sababu hii wanachama wawili wenye mshahara mmoja wanaweza kuteseka kwa saa tofauti kabisa, na mwenye kushika zamu ya mchana ni heri apange chini ya bati kuliko chini ya zege.

Na mwenye kushika zamu ya usiku je? Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la shilingi tu. Mtu aliyefanya kazi bandarini, au katika kiwanda, au akilinda lango, tangu saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, hurudi nyumbani kulala wakati bati linapoanza kupata moto. Saa tano amekwisha kuamka, amelowa. Saa saba ametoka nje kukaa barazani chini ya mwarobaini pamoja na wazee na watoto. Jioni anatakiwa arudi kuendesha mashine ya kuinua makontena, au kupanga mizigo chini ya mashine hiyo, akiwa na usingizi wa saa tatu. Ajali ikitokea, karatasi ya tajiri itaandikwa kwamba mfanyakazi alikuwa mzembe. Hakuna atakayeandika kwamba alilala chini ya bati bila dari mwezi wa Februari. Sisi twasema yafaa iandikwe.

Sasa, nini kifanyike, na nani alipe?

La rahisi kupita yote ni rangi nyeupe juu ya bati. Weupe hurudisha jua lilikotoka kabla halijawa joto, na hiyo ndiyo tofauti yake na feni, ambayo hungoja mpaka joto limeingia ndani. Rangi hiyo isiwe chokaa. Chokaa ni nzuri mno juu ya zege na juu ya ukuta, na wazee wa pwani waliijua kazi yake tangu zamani, lakini juu ya bati haishiki, mvua ya kwanza itaishusha mtaroni. Inatakiwa rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mapaa. Lita moja hufunika mita za mraba 8 hivi, na ikiwa paa la nyumba ya vyumba sita ni mita za mraba 120, basi mikono miwili yataka lita 30. Ndoo mbili za lita 20 zitatosha na kubaki. Bati lisuguliwe kutu kwa brashi ya waya, lioshwe, likauke, na palipokula kutu sana patiwe kwanza rangi ya msingi. Apandaye akanyage penye misumari, maana hapo ndipo penye mbao; bati bovu halimbebi mtu. Na wale wanaokinga maji ya mvua kutoka paani kwa kunywa, waulize dukani rangi isiyo na madini ya risasi ndani yake, wala wasikubali jibu la haraka haraka.

Rangi hii hufifia kwa vumbi na ukungu, kwa hiyo paa lioshwe kila mwaka kabla ya kaskazi. Twasema mapema ili asije mtu akatuambia mwaka wa pili kwamba tulimdanganya.

Dari ni bora zaidi kuliko rangi, na vyote viwili pamoja ni bora kuliko kimoja, lakini dari ni kazi ya fundi na mbao. Mwenye kuweka dari asisahau kuacha matundu katika kuta za pembeni juu, chini ya kipeo cha paa, ili hewa ya moto iliyonaswa kati ya bati na dari ipate njia ya kutokea. Dari lililozibwa pande zote hugeuka blanketi baada ya muda. Makuti hatuyataji sana. Ni baridi kuliko vyote, na kila mtu wa pwani anajua, lakini hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na katika mitaa iliyobanana moto mmoja waweza kuteketeza nyumba kumi.

Mengine ni madogo na hayana gharama. Kivuli kiwekwe nje ya dirisha, si ndani: jamvi au gunia lililotundikwa nje upande wa magharibi huzuia jua kabla halijaingia, hali pazia la ndani humngoja mwizi sebuleni. Katika nyumba ya ukumbi, milango miwili ya mbele na nyuma ikifunguliwa pamoja jioni, upepo utapita. Mmoja ukifungwa, hakuna upepo. Feni ya mezani ikiwekwa dirishani usiku, hali huko nje kumekwisha poa, huvuta hewa ya nje ndani, na hiyo ni kazi bora kuliko kuzungusha hewa ile ile. Aliye na fedha za feni mpya aulize zile za mota isiyo na brashi, ambazo hula kama nusu tu ya umeme wa feni za zamani. Ile hila ya kutundika shuka mbichi dirishani inafaa Garissa na Lodwar kwenye hewa kavu. Mombasa haifai kitu, hewa imekwisha kushiba maji. Neti ya mbu isiondolewe kwa sababu ya joto. Malaria ni ghali kuliko stima.

Wenye mashine ya baridi ni wachache katika chama chetu, lakini wapo. Kwao twasema tu: iwekeni 26, si 18, safisheni chujio lake, na zibeni matundu, maana hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zote hula kwa saa moja umeme ambao feni ingekula kwa usiku mzima na zaidi.

Lakini ndoo mbili za rangi ni za nani? Mwenye nyumba atasema joto ni la Mungu. Jua ni la Mungu. Bati ni lake, na kila mwezi hulitoza kodi. Hata hivyo tusiwe watu wa kusema upande mmoja. Mombasa ina desturi yake ambayo bara haijulikani sana, ya mtu kuwa na nyumba bila ya kuwa na ardhi. Mwenye nyumba naye ni mpangaji wa kiwanja, hulipa kodi ya ardhi, na siku yoyote anaweza kuambiwa avunje. Mtu wa namna hiyo hataweka dari la kudumu, na kwa kweli hatumlaumu kwa moyo wote. Ndoo mbili za rangi ni jambo jingine. Twaona ni haki wapangaji wa nyumba moja wajitolee kazi ya mikono siku ya Jumapili, na mwenye nyumba atoe rangi; au akiwa hana fedha, wapangaji wachange na zikatwe katika kodi. Iandikwe katika karatasi, itiwe sahihi na wote kabla ya ndoo kufunguliwa, na papo hapo iandikwe kwamba kodi haitapandishwa kwa sababu ya paa hilo. Tumekwisha sikia habari za wapangaji waliotengeneza nyumba kwa fedha zao, kisha wakatolewa ili aingie mwenye kulipa zaidi.

Kwa waajiri twasema kwa sauti nyingine kabisa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa karibu na kazi, au amlipe juu ya mshahara wake fedha za kutosha kupata nyumba ya kufaa, isipokuwa pale ambapo mkataba umekwisha kuziunganisha fedha hizo na mshahara au mapatano ya chama yamesema vingine. Neno ni "ya kufaa". Je, banda la bati lisilo na dari, ambamo mtu wa zamu ya usiku hawezi kulala mchana, ni nyumba ya kufaa? Amri ya mishahara ya jumla inataja marupurupu ya nyumba ya asilimia 15 ya mshahara wa chini. Mwenye shilingi 20,000, asilimia 15 yake ni 3,000. Kila msomaji anajua chumba chake anakilipia ngapi, na akitoa hapo hizo tokeni za kaskazi ataona kinachobaki.

Wako watakaosema kwamba chama kinajishughulisha na mambo ya nyumbani. Wakumbuke Januari 1947, kaskazi ikivuma, wafanyakazi wapatao 15,000 walipoacha kazi katika mji huu. Ughali wa maisha na taabu ya nyumba vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasimamisha. Nyumba haijapata kuwa nje ya kazi ya chama hapa Mombasa.

Kwa hiyo twataka mapatano yajayo yataje mambo haya kwa majina yake: nyumba zote zitolewazo na waajiri ziwekwe dari na mapaa yake yatiwe rangi nyeupe kabla ya Disemba, watu wa zamu ya usiku wakaao katika nyumba hizo wapewe vyumba vyenye kivuli kwanza, na marupurupu ya nyumba yahesabiwe kwa gharama iliyo kweli, stima ikiwa ndani yake. Kwa wale waliopanga mitaani, kamati ya akiba na mikopo itazame kama mkopo mdogo wa rangi na mbao waweza kutolewa kwa nyumba nzima pamoja, wapangaji wakidhaminiana.

Ili wajumbe wetu wasiende mezani na maneno matupu, kila mwanachama atunze risiti zake za tokeni tangu Disemba mpaka Machi, hata zile za shilingi 50, au aziandike katika daftari kutoka kwenye simu. Aandike na idadi ya vyumba vilivyo katika mita yake, paa ni la nini, kuna dari au hakuna, na zamu yake ni ya mchana au ya usiku. Mwakilishi wa kila idara atazikusanya wiki ya kwanza ya Aprili na kuzileta ofisi ya tawi. Wenye mita moja kwa vyumba sita walete kwanza.